Matandiko ya Mjusi

Pwani, mjusi kafiri hafugwi. Hukaa ukutani kwa hiari yake, akavizia wadudu kwenye taa, wala hapana mtu ajiulizaye mnyama huyo alale juu ya nini. Ulaya na Marekani mambo ni mengine. Huko hununuliwa, akatiwa ndani ya sanduku la kioo, na mfugaji akabaki na swali ambalo wengi hulijibu kwa macho tu: chini ya miguu yake kitandazwe nini?

Apendwaye sana huko ni mjusi mwenye madoa kama ya chui, ambaye asili yake ni Afghanistan, Pakistani na kaskazini magharibi ya India. Kwa kuwa kwao ni kukavu, mnunuzi hutandaza mchanga, akaona ametenda wema. Kumbe mjusi huyu hakuzoea matuta ya mchanga mtupu; hukanyaga mawe na udongo mgumu ulioshikamana. Akirukia nyenje juu ya mchanga uliolegea, humeza windo pamoja na chembe. Akipungukiwa na madini ya kalisi ndiyo balaa zaidi, kwani huulamba mchanga kwa kusudi. Chembe hurundikana, utumbo ukaziba. Mjusi akasusa chakula, na mkia wake, ambao ndio ghala yake ya mafuta, ukakonda. Wengine hufa. Upo pia mchanga wa kalisi, uuzwao kwa sifa kwamba huyeyuka tumboni. Sifa hiyo ni ya muuzaji. Mchanga wenyewe humshawishi mjusi alambe zaidi.

Kwa kinda au mgonjwa, karatasi ya jikoni yatosha. Haipendezi, kweli, lakini sanduku lile ni nyumba ya mjusi, si picha ya sebuleni. Mzima atandikiwe mawe bapa au vigae visivyoteleza, pamoja na pembe yenye unyevu ya kujivulia ngozi, kwani ngozi ikikwama vidoleni huweza kuvikata.

Wale wa misituni, kama yule mwenye kishungi wa New Caledonia, hutaka unyevu, nao hutandikiwa makumbi ya nazi yaliyosagwa. Hapa wanawake wa Unguja, wafukiao makumbi katika tope la pwani ili wapate usumba wa kusokota kamba, wangekuwa na la kusema. Kamba haidhuriwi na chumvi. Makumbi ya mjusi sharti yaoshwe kwa maji matamu mara kadhaa, yakamuliwe, ndipo yatandazwe. Yawe na unyevu tu, yasilowe chepechepe yakaota ukungu.