Bwawa la Mama Watoto



Wengi wenu mmekulia katika nyumba zenye birika, nanyi mnawakumbuka visamaki waliokuwa wakiogelea humo. Wazee wetu wa Lamu na kwengineko katika mwambao huu waliwatia samaki wadogo katika birika za misikiti na za majumbani ili wale viluwiluwi vya mbu. Sisi tulipokuwa watoto wa chuoni, tulikuwa tukiinama kutawadha huku tukiwachungulia. Birika zile zilijengwa kwa mawe, ndani ya kivuli cha kuta nene, na maji yake yalikuwa baridi hata mwezi wa Februari. Kwa hayo tukadhani tumewajua samaki.

Mama watoto alichimba bwawa uani kwetu kwa fedha za mchezo alioucheza na wanawake wenziwe. Akalitandika turubai, akatia vifaranga 300 wa perege, samaki ambao wengi huwaita tilapia. Niya yake ilikuwa kuwauza wakikua, amlipie binti yetu karo. Siku moja akaitwa Malindi kumuuguza mamake, akatukabidhi bwawa lake. Akatwambia: "Maalim, kiganja kimoja cha chakula asubuhi, kimoja jioni. Tafadhali usizidishe."

Ulikuwa wakati wa maleleji. Kaskazi imekwisha nguvu, kusi haijafika, na upepo umetua kabisa. Jua la uani lilikuwa halivumiliki. Siku ya pili tuliwaona perege wamepanda juu ya maji, midomo wazi, wakitweta. Tukawahurumia, tukasema hawa wana njaa, tukawaongeza kiganja cha tatu. Siku ya tatu tukaongeza tena. Maji yakageuka rangi, yakawa mazito na ya kijani. Siku ya nne, baada ya sala ya Alfajiri, tulikwenda na tochi tukakuta uso wa bwawa umekuwa mweupe kwa matumbo ya samaki. Waliosalia hai hawakufika 50.

Mama watoto aliporejea, tulimpokea kwa maneno tuliyoyazoea kuyatoa matangani: "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Tusubiri." Akasema Alhamdulillahi, akaingia ndani. Hakuuliza lolote.

Siku ya pili yake akaja jirani yetu, bibi mtu mzima ambaye amefuga samaki miaka mingi, kutupa pole. Tulipomsimulia, alitikisa kichwa. "Maalim, samaki wale hawakuwa na njaa. Walikuwa wakitafuta pumzi."

Akatufafanulia, nasi baadaye tukasoma na kuyathibitisha. Samaki huvuta hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, na maji kadiri yanavyopata moto ndivyo yanavyobeba hewa kidogo. Lita moja ya maji matamu yenye joto la nyuzi 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni; yakifika nyuzi 30, hubeba saba na nusu tu. Na hapo ndipo mwili wa samaki, kwa kupata joto, huhitaji pumzi nyingi zaidi. Mahitaji yanapanda, akiba inashuka. Upepo ukiwapo huyavuruga maji na kuyatia hewa, lakini katika maleleji haupo. Ule ukijani nao ni mimea midogo mno: mchana hutoa oksijeni, na usiku huivuta kama samaki wenyewe. Ndiyo maana saa mbaya kuliko zote ni ile ya kabla ya kupambazuka. Na chakula kilichobaki huzama, kikaoza, na kuoza huko pia hula hewa. Basi sisi tuliokusudia kuwalisha ndio tuliowakaba roho.

Usiku ule usingizi ulitupaa. Miaka mingi tumewasomesha vijana kwamba mwenye kuwekewa amana halipi ikiharibika pasi na kosa lake. Lakini akivuka sharti aliloekewa, ni juu yake kulipa. Sharti letu lilikuwa kiganja kimoja. Kadari ni nguzo ya imani yetu, wala haikuwekwa iwe pazia la kufunikia uzembe wa mtu.

Tukamwamsha mama watoto, tukamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Nilijua tangu siku niliyorudi. Gunia la chakula lilikuwa limepungua mno. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Tumemlipa kidogo kidogo, na karo ya binti imetoka mfukoni mwetu. Lakini lililotuuma zaidi ni zile siku mbili alizongoja.

Enyi mnaofuga samaki uani, joto li karibu. Funikeni nusu ya bwawa kwa makuti lipate kivuli, na kina kisipungue mita moja. Mkiwaona samaki wamepanda juu alfajiri midomo wazi, acheni kuwalisha siku hiyo. Waongezeeni maji mapya kwa kuyamimina kutoka juu yaanguke kwa kishindo, kwani mmiminiko huo huyatia hewa. Maji ya mfereji yalale kwanza siku nzima katika pipa lililo wazi, dawa yake ipungue. Na samaki wakiwa wamejaa sana, wavueni baadhi yao kabla ya maleleji. Visamaki wa birika nao ni vivyo hivyo: birika lililo juani si sawa na lile la wazee wetu.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituelekeza tuicheleweshe sala ya Adhuhuri joto linapokuwa kali, mpaka makali yapungue. Ikiwa sisi tumeonewa huruma hiyo katika ibada yenyewe, viumbe tuliowafungia ndani ya maji machache wanastahili tuwatazame kabla ya kuwahukumu kuwa wana njaa.

Bwawa lina samaki tena. Anayewalisha ni mwenyewe. Sisi tumepewa kazi ya kumimina maji.

Wabillahi tawfiq.