X-Trail au CX-5? Magadi Itakuamulia

Iwapo unasita kati ya Nissan X-Trail na Mazda CX-5, zote mitumba ya Japani, usiamue ukiwa kwenye uwanja wa muuzaji. Zifikirie kwenye barabara ya Magadi.

Ni lami, kilomita 110 hivi kutoka Nairobi kupitia Kiserian. Ukifika Corner Baridi, Bonde la Ufa linakufungukia mbele, nawe unateremka zaidi ya mita 1,000 hadi kwenye joto na ziwa la magadi lenye wekundu wa waridi. Kuteremka hakumshindi mtu. Kazi ni kurudi jioni, gari limejaa watoto na mizigo.

X-Trail ya petroli ya lita 2.0 itapanda, ila kwa gia zake za otomatiki za CVT kelele hutangulia, mwendo ukafuata. CX-5 ya dizeli ya lita 2.2 hata haina habari. Huupanda mlima kama inayokwenda sokoni.

Lakini ngoja. Ziko X-Trail zenye safu tatu za viti, hata nyanya akapata nafasi. CX-5 ni ya watu watano, na mara nyingi bei yake iko juu. Tena dizeli hiyo ina chujio la masizi, ambalo huziba gari likishinda kwenye foleni za mjini na safari fupi fupi.

Kwa hivyo wewe unayepeleka watoto shuleni kila siku na kwenda Magadi mara mbili kwa mwaka, chukua X-Trail, uvumilie kelele, na pesa zinazobaki ununulie tairi mpya.