Vijaluba vya Ridi: Jinsi Ulimi wa Saksafoni Ulivyotunzwa Mbeya na Iringa

Wengi wa vijana wanaopiga saksafoni leo katika makanisa na kumbi za harusi za Mbeya na Iringa huiacha ridi imefungwa kwenye mdomo wa ala kuanzia ibada ya Jumapili moja hadi ya Jumapili inayofuata, na wakiulizwa iwapo wamewahi kuona kijaluba cha ridi, hudhani wanaulizwa habari za ugoro au za tambuu. Ridi ni kipande chembamba cha tete kinachobanwa kwenye mdomo wa saksafoni au wa klarineti, nacho ndicho kinachotetemeka mpigaji anapopuliza. Bila hicho, ala yote ni bomba la shaba au la mpingo lisilo na sauti. Kwamba kulikuwa na wakati ambapo kipande hicho kilitengenezewa nyumba yake ya mbao, yenye kioo ndani na mfuniko wa bawaba, na kwamba nyumba hiyo ilichongwa na mafundi seremala wa miji hii miwili kwa kipimo cha mpigaji mmoja mmoja, ni jambo linaloelekea kusahauliwa kabisa, na ni hasara kulisahau.

Sababu ya kutunza ridi iko katika maumbile yake. Tete linalotumika, ambalo wataalamu wa mimea huliita Arundo donax, hustawi zaidi katika jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa, na hukatwa likiwa na umri wa miaka miwili hivi, likaanikwa juani hadi ligeuke rangi ya dhahabu, kisha likachongwa kiwandani. Kampuni ya Vandoren ya Paris imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 1905. Ncha ya ridi huchongwa hadi kubaki na unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, huku mgongo wake ukiachwa mnene, kwa hiyo sehemu hizo mbili hazinywi mate wala hazikauki kwa kasi moja. Ridi iliyotolewa mdomoni ikiwa imelowa, ikaachwa bila kulazwa juu ya kitu bapa, hujikunja ncha na kufanya mawimbi, na siku ya pili haikai sawa juu ya mdomo wa ala. Hewa hupita pembeni, sauti hukwaruza, na mpigaji hulaumu saksafoni isiyo na kosa.

Katika Nyanda za Juu Kusini tatizo hilo lina ukali wake. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa iko juu ya mita 1,500, na kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hukatika, upepo hukausha kila kitu, na usiku wa Juni na Julai baridi huwa kali. Ridi ambayo huko Dar es Salaam hukauka taratibu, katika miji hii hukauka kabla mpigaji hajamaliza kuzungumza na wenzake, na huweza kupasuka kuanzia nchani. Halafu zinakuja mvua za Novemba hadi Aprili, ukungu wa Mbeya unaingia hadi ndani ya sanduku la nguo, na ridi iliyofungiwa mahali pasipo na hewa huota madoa meusi. Chombo kinachofaa hapa, kwa hiyo, kilipaswa kufanya kazi mbili zinazopingana, yaani kuzuia ukavu wa kiangazi na kuondoa unyevu wa masika.

Ni wapigaji wachache waliolazimika kufikiri juu ya jambo hili, kwa sababu muziki wa kupuliza uliokita mizizi zaidi mkoani Mbeya ni tarumbeta za kanisa. Wamoravian walioanzisha misheni ya Rungwe mwaka 1891 walitoka katika madhehebu yenye desturi ya kale ya kupiga ala za shaba kwenye ibada na mazishi, na ala hizo hazina ridi. Midomo ya mpigaji yenyewe ndiyo inayotetemeka. Tarumbeta inaweza kuning’inizwa ukutani mwaka mzima na bado ikalia. Saksafoni iliingia kwa njia nyingine, kupitia bendi za majeshi na bendi za dansi, na kwa hiyo ilishikwa na watu waliohesabika. Iringa ilikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, ambayo katika miaka ya 1980 ilisikika nchi nzima kwa sauti za mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na ambayo mpiga gitaa John Kitime, aliyewahi kuwamo, ameisaidia isisahaulike kwa kuandika juu ya wanamuziki wa zama hizo.

Mpango huo wa bendi kumilikiwa na mashirika una jambo moja linalohusu kijaluba moja kwa moja. Gitaa, ngoma, vikuza sauti na saksafoni vilikuwa mali ya mwajiri, vikiandikwa katika daftari la vifaa kama viti na taipureta. Ridi haikuandikwa popote. Ililala mfukoni mwa mpigaji, ilizoea mdomo wake, na alipohama bendi aliondoka nayo. Ridi na kijaluba chake ndivyo vitu pekee vya saksafoni ambavyo mpigaji wa kuajiriwa aliweza kuviita vyake, na pengine ndiyo maana baadhi ya wapigaji walitengenezesha kijaluba kwa uzuri uliozidi mahitaji.

Katika miaka ambayo hata sukari na sabuni zilitafutwa kwa foleni, kupata paketi ya ridi kumi za saksafoni alto lilikuwa jambo la kukumbukwa. Reli ya Tazara ilikabidhiwa Julai 1976, na barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa tayari na lami kabla yake; tarehe hizo ziko vitabuni, lakini mpiga saksafoni alikuwa na kalenda yake, iliyohesabu miaka kwa paketi, na kwa majina ya wasafiri walioombwa kuileta.

Vyombo vya mwanzo vya kuwekea ridi vilikuwa vya kuokoteza. Kiberiti na kikopo cha filamu ni vifupi, kwa kuwa ridi ya alto ina urefu wa takriban sentimita saba. Pakiti ya sigara ilitosha kwa urefu, lakini karatasi yake haikunyoosha ridi, na harufu ya tumbaku iliingia kwenye tete ikabaki humo. Kasha la plastiki la kaseti lilikuwa bora zaidi, kwa sababu lilipokea ridi nne zikiwa zimelala sambamba, na uwazi wake ulimruhusu mpigaji kuzikagua bila kufungua. Ubaya wake ulionekana masika, maji yalipojikusanya ndani ya kifuniko na ukungu ukaanza kwenye kisigino cha ridi. Waliotoboa matundu kwa msumari wa moto walipunguza tatizo, ingawa plastiki ilipasuka upesi.

Kijaluba kamili kilikuwa cha seremala, na kati ya meza zilizokitengeneza inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni ile ya mzee mmoja wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa fremu za picha na stuli, na ambaye hakuwahi kupiga ala yoyote. Aliletewa ridi iliyoharibika, akaigeuza kwenye mwanga, akaipitisha ukucha mgongoni, na kutokana na hapo akaelewa tatizo lote kama fundi anavyoelewa ubao uliopinda: upande mmoja umekunywa maji kuliko mwingine. Alikataa msonobari, ambao kwa sababu ya mashamba ya Sao Hill ndio mbao rahisi kuliko zote katika nyanda hizi, akisema kwamba utomvu wake ungegusa ridi na ladha yake ingemfuata mpigaji jukwaani. Alikataa pia mkaratusi, kwa kuwa hujipinda wenyewe na hauwezi kunyoosha kitu kingine. Alitumia mninga, mti wa misitu ya miombo, ambao ukikaushwa vizuri husinyaa kidogo sana na huvumilia mabadiliko ya majira.

Kazi yake ilikuwa na hatua zilizofuatana bila haraka. Kwanza alipiga randa vipande viwili, kimoja cha kitako na kingine cha mfuniko, akavipima kwa skwea hadi vikafumbatana bila kuacha nafasi. Ndani ya kitako alichimba kwa patasi kitanda cha kina cha milimita tano hivi, akalaza humo kipande cha kioo cha dirisha alichokisaga kingo zake kwa maji juu ya jiwe la kunolea ili kisikate vidole. Kioo ndicho kiini cha kijaluba chote, kwa sababu ni bapa kuliko ubao wowote uliopigwa randa kwa mkono, na hakinywi maji. Wapigaji wa klarineti wa okestra za Ulaya nao wamezoea kulaza ridi zao juu ya kioo kwa sababu hiyo hiyo. Ridi zilibanwa juu ya kioo kwa mikanda iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, yenye upana wa nusu sentimita, iliyovutwa kiasi cha kushika na si kuminya. Chini ya mfuniko alibandika kitambaa cha blanketi la sufu, na ubavuni alitoboa matundu mawili madogo yenye vigingi: masika vigingi vilitolewa hewa ipite, kiangazi vilirudishwa, na kipande kidogo cha sponji chenye unyevu kikawekwa kwenye kona mbali na ridi. Hakuna chombo cha dukani cha wakati huo kilichojibu hali ya hewa ya Mbeya kwa ukamilifu kiasi hicho.

Meza hiyo ilikuwa na harufu ambayo waliopita hapo hawataichanganya na nyingine. Vumbi la mninga lina manukato makavu, yanayokaribia utamu, nayo yalichanganyika na gundi iliyopashwa moto kwenye kopo na vanishi iliyokuwa ikikauka kwenye fremu zilizoegemezwa ukutani. Kijaluba kipya kilitoa harufu hiyo kwa miezi, na ridi iliyolala humo iliichukua, hivi kwamba mpigaji aliyeiweka mdomoni alionja mninga kabla hajatoa sauti ya kwanza. Mzee hakupaka vanishi ndani hata kidogo, na aliyemwomba apake ili ndani papendeze kama nje alirudishiwa fedha zake.

Iringa walikuwa na njia nyingine, iliyotokana na mianzi ya ulanzi. Ulanzi ni kinywaji kinachotokana na utomvu wa machipukizi ya mwanzi, ambayo hukatwa ncha wakati wa mvua na kuwekewa mbeta, yaani kikombe cha pingili ya mwanzi, ili utomvu udondokee humo. Pingili kama hiyo, ikiwa na fundo lake upande mmoja, ni kopo lililokwisha kutengenezwa. Wapigaji walichagua pingili ambayo haijawahi kukinga ulanzi, kwa kuwa iliyokwisha kukinga ina uchachu usiotoka na ridi ndani yake huota ukungu kwa wiki moja. Wakaingiza humo ubao mwembamba wenye ridi mbili kila upande, wakaziba kwa gunzi la mhindi. Gunzi hupitisha hewa kidogo kidogo, nalo likichakaa hubadilishwa bila gharama. Kifaa hiki hakikuwa na unadhifu wa mninga na kioo, lakini kilikuwa chepesi, na kwa bendi iliyosafiri kwa lori katika barabara za Mufindi na Njombe hilo lilikuwa na uzito wake.

Kijaluba kilileta pia nidhamu ya kupiga. Ridi zilipewa namba kwa penseli kwenye kisigino, moja hadi nne, na zilipokezana zamu ili kila moja ipumzike siku kadhaa baada ya kazi. Ile laini iliwekwa kwa mazoezi, ile ngumu kwa jukwaa, na iliyoanza kuchoka ilipitishwa msasa mwembamba na kurudishwa kitandani. Busara ya namna hii haikuwa ngeni kusini. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, wachezaji wa mganda, ngoma iliyozaliwa kwa kuiga bendi za majeshi baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, huziba tundu la vibuyu vyao kwa utando unaofunika mayai ya buibui ili sauti ivume, nao hujua kwamba utando huo, mwepesi kuliko ridi yoyote, ndio unaotunzwa kwanza.

Miaka ya 1990 ilimaliza sehemu kubwa ya haya kwa haraka. Kinanda cha umeme kilichukua nafasi ya safu ya wapulizaji, bendi za mashirika zikavunjika, saksafoni zikafungiwa stoo. Mwaka 2006 soko la Mwanjelwa, mtaa wa yule seremala wa mninga, liliungua. Ridi za plastiki, zisizohitaji unyevu wala kupumzika, zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni ng’ambo, na sasa zinapatikana kwa kuagiza kwa simu.

Saksafoni imerudi, hasa makanisani, na hilo ni la kushukuru. Lisiloweza kuvumiliwa ni kuona kijana akitupa ridi ya tatu katika mwezi mmoja, huku akilalamikia bei, wakati ala yake imelala kwenye begi na ridi imekauka mdomoni ikiwa na mate ya Jumapili. Mbao bado zipo, vioo vipo, na mafundi wa Mafinga wanaochonga vitanda vya harusi wanaweza kuchonga kitanda cha ridi kwa nusu siku, mradi wapewe kipimo: kwa alto, upana wa milimita 16 kwa kila ridi, kwa tenor milimita 18, kwa klarineti 13, na nafasi ya milimita tano kati ya moja na nyingine ili vidole vipite.

Boma la Iringa, jengo la Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho, lingefaa sana kupokea kijaluba kimoja cha mninga na kimoja cha mwanzi, vikiwa na ridi zake na namba zake za penseli. Familia za wapulizaji wa zamani zinazotumia visanduku kama hivyo kuhifadhia sindano na vifungo zinaombwa kuangalia chini ya mfuniko: kama kuna kioo kilichosagwa kingo, hicho si kisanduku cha sindano.