Fundi viatu wa Kirumba na watakatifu wake

Ndugu zangu, leo nianze kwa kuungama. Miezi michache iliyopita niliandika habari ya fundi viatu mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza. Nikamwita "bubu". Nikamhoji jirani yake, nikamhoji mteja wake, yeye mwenyewe sikumwuliza hata swali moja. Habari ikatoka, nikapongezwa!

Basi Jumapili moja nikaenda kumwomba radhi. Nikamkuta na mjukuu wake, binti wa kidato cha tatu, ambaye ndiye aliyetutafsiria.

"Kaka, babu anasema yeye ni kiziwi, siyo bubu. Maneno anayo mengi tu."

Kisha mzee akaniuliza kama namjua msimamizi wangu. Nikadhani anamaanisha mhariri! Kumbe alikuwa anamsema Mtakatifu Fransisko wa Sale, askofu wa Geneva aliyefariki mwaka 1622. Papa Pius XI alimtangaza msimamizi wa waandishi mwaka 1923, kwani enzi zake aliandika vikaratasi na kuvipenyeza chini ya milango ya watu. Hilo nililijua kidogo. Nisilolijua ni kwamba viziwi nao wanamwita wao, maana alimfundisha dini kiziwi mmoja aitwaye Martin kwa ishara, wakati wengi waliamini kiziwi hafundishiki. Yaani mimi na mzee tuna msimamizi mmoja, na nilimruka kwenye habari yangu mwenyewe.

Mzee alisoma Tabora, kwenye shule ya kwanza ya viziwi nchini, iliyofunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Anasema hadithi za watakatifu alizipata bwenini kwa wenzake. Akaweka sindano chini, akaanza ya Mashahidi wa Uganda.

Nimesikia habari za hao 22 tangu utotoni, kila tarehe 3 Juni. Siku hiyo niliziona. Uso wa mzee ukawa Kabaka Mwanga mwenye hasira, mara ukawa Kizito, mtoto wa miaka kama 14, anayeogopa moto wa Namugongo mwaka 1886. Charles Lwanga akamwahidi kumshika mkono. Hapo mzee akakamatanisha mikono yake miwili, akatulia. Nikamgeukia binti anitafsirie.

"Hajasema kitu, kaka. Akishika mkono wa mwenzake hawezi kusema."

Nikabaki kimya na mimi.

Halafu akanyoosha kidole kusini, upande wa Bukumbi. Mwaka 1888 Mwanga alipopinduliwa alikimbilia ng'ambo hii ya ziwa, na waliompokea ni mapadre wa Bukumbi, wale wale waliofiwa na wanafunzi wao. Mzee akaonyesha mlango unafunguliwa, mtu anakaribishwa ndani, anapewa maji. Basi. Hakuongeza mahubiri.

Nikaelewa jibu la radhi yangu, maana na mimi nilikuwa nimeshapewa kigoda na maji kabla sijafungua mdomo.

Wiki ijayo narudi na daftari. Safari hii maswali yote ni kwake, na binti atalipwa kama mkalimani yeyote. Wewe je, kuna mtu mtaani kwenu ambaye habari zake unaziuliza kwa majirani tu?