Nyumba ya Bibi Kule Kisarawe: Nani Mwenye Haki ya Kuiuza?

Ukitaka kujua ndugu wanapendana kiasi gani, subiri shamba la marehemu lipande bei. Kwetu lilipanda. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwaka 2024, na watu wa mjini wakizidi kusaka viwanja Pugu na Kisarawe, madalali hawakauki. Basi, binamu zangu, watoto wa marehemu mjomba, wakampigia simu mama hapa Kibaha. Shamba la babu, kule nje ya Maneromango, limepata mteja. Yeye na mama mdogo watapewa "ya soda", kwa sababu wao ni watoto wa kike, waliolewa wakatoka.

Mama ana zaidi ya miaka 70. Hakugombana na mtu. Alisema tu, "Wanauza nyumba ambayo hawajui ilikuwa na milango mingapi."

Kauli hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Nyumba tuliyoisikia tu

Sisi wajukuu hatukuwahi kuiona. Tumekua tukisikia sifa zake: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, baraza mbele, uani kuna kisima. Kuta za miti na udongo zilizopakwa chokaa, na juu bati, wakati majirani wengi bado wanaezeka makuti. Kuizunguka ilikuwa minazi, miembe na mikorosho hadi macho yachoke. Chumba cha pili kushoto ndicho mama alichowekwa ndani alipovunja ungo, kwa desturi ya Kizaramo, akakaa humo kama mwali mpaka siku ya kutolewa. Ndiyo maana idadi ya milango anaijua.

Na kila mtu aliiita nyumba ya babu. Habari yake ilikuwa fupi: babu alipata kazi Kibaha kwenye mradi wa Wanordiki, akajenga jumba kwa mshahara wa Wazungu. Hadithi tamu, na binamu zangu waliisimamia hiyo hiyo. Kama babu alijenga, basi mali ni ya ukoo wa kiume.

Nikaanza na sanduku

Nilianza na sanduku la bati la marehemu bibi, ambalo mama mdogo analitunza chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na kanga zilizochakaa, picha moja, na stakabadhi za kuuzia korosho kwenye chama cha ushirika, za miaka ya 60. Zote zina jina la bibi. Hata moja haina jina la babu.

Halafu nikaangalia tarehe. Mradi wa Kibaha, ambao nchi za Nordiki na Tanganyika ziliuanzisha kwa shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, ulianza mwaka 1963. Mwaka 1970 ukakabidhiwa Serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Kwa hiyo babu hakuweza kupokea mshahara wa pale kabla ya 1963. Swali likabaki moja: bati lilipanda juu ya ile nyumba lini?

Jibu halikuwa Kibaha. Nikapanda daladala hadi Mbezi, nikaunganisha Gongo la Mboto, Pugu, Kisarawe mjini, na mwisho bodaboda hadi kwa mzee mmoja aliyecheza na mama utotoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ni wa lukolo gani?"

Hakuniuliza baba yangu nani, wala nafanya kazi wapi. Kwa wasiofahamu, kwa Wazaramo wa asili mtu ana pande mbili. Lukolo ni ukoo, na unaupata kwa mama. Mtala ni jina la heshima linalotoka kwa baba. Nilipomtajia lukolo wa mama, mzee akacheka. "Basi umekuja kwenu. Wale vijana waliokuja na dalali ni wageni hapa."

Ilibidi nikae chini nihesabu. Mimi ni mtoto wa binti wa bibi, kwa hiyo niko katika lukolo wa bibi. Binamu zangu ni watoto wa mtoto wake wa kiume, kwa hiyo lukolo wao ni wa mama yao, mke wa mjomba. Kwa mila ya zamani, waliokuwa wanatutoa shambani ndio walio nje!

Nyumba ilipotelea wapi

Mzee alikumbuka bati lilipandishwa mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Yaani 1960. Fedha ilikuwa ya korosho za bibi na mama yake, kwenye miti waliyopanda wenyewe. Akanikumbusha pia kwamba kwetu mti una mwenyewe, hata kama ardhi ina mwingine. Unaweza kumpa mtu sehemu ya kulima mihogo, mnazi ukabaki wako.

Nilimuuliza kuhusu ile sifa nyingine ya familia, kwamba sisi ni uzao wa Pazi. Simulizi za Uzaramo zinamtaja Pazi Kilama, aliyewafukuza Wakamba, na Mashomvi wa Mzizima wakawa wanampa zawadi kwa kuwakomboa. Baadaye Pazi likawa jina la cheo. Mzee akatabasamu. "Kila nyumba yenye bati ilikuwa ya Pazi." Aliyemheshimu zaidi ni Kibasila wa Kisangire, huko huko Kisarawe, aliyenyongwa na Wajerumani kwa ajili ya Vita vya Majimaji. Shule ya Kibasila pale Dar imebeba jina lake.

Hao Wajerumani ndio walioanza kutugusa kwenye ardhi. Mwaka 1895 walitangaza ardhi yote ambayo umiliki wake haukuthibitishwa ni ya dola yao, na mwaka 1898 wakaanza kutoza kodi ya nyumba. Fikiria, mtu anaishi kwa babu zake halafu anaambiwa alipie paa. Lakini bibi zetu walivuka hayo. Nyumba yetu ilivuka pia ukoloni wa Waingereza.

Iliyoiondoa ni hamahama ya vijiji. Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Kwetu zamu ilifika 1974. Bibi aliambiwa ahamie kijijini, kilometa kadhaa kutoka kwenye miti yake. Bati likang'olewa, likaezekwa kibanda kipya. Ukuta wa udongo usio na paa, masika mawili tu, kwisha.

Mikorosho nayo ikaachwa porini. Na si kwetu tu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani zipatazo 145,000, lakini msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Bei duni na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia, ila kumtenga mkulima na miti yake nako kulifanya kazi yake. Bibi akamfuata babu Kibaha, akauza maandazi Maili Moja hadi mwisho wa maisha yake. Sasa naelewa kwa nini hakupenda kusikia neno korosho.

Mzee alinipeleka hadi penyewe. Kuna mawe ya msingi, mwembe dodo mmoja, kisima kilichofukiwa na makaburi manne. Nilihesabu nafasi za milango kwenye msingi. Minane, kama mama alivyosema.

Kikao cha ndugu

Rafiki yangu mmoja alinishauri nirudi na lukolo wangu kama panga, niwakate binamu wote. Kwa kweli nilishawishika! Lakini bibi alimzaa mjomba pia, na alimpenda.

Badala yake niliuliza swali moja kwenye kikao: ni sheria gani inayomnyima mama? Kwa mila, lukolo unapita kwake. Kwa dini yetu ya Kiislamu, mtoto wa kiume anapata mafungu mawili na wa kike moja. Watoto wa bibi walikuwa watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, hivyo wanawake hao wawili kwa pamoja wana nusu nzima. Kwa sheria ya nchi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Hata kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alimpa haki Holaria Pastory, mwanamke wa Kagera aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Pande zote tatu zimempa mama kitu. Aliyemnyima ni dalali tu.

Kisha nikaziweka stakabadhi mezani. Binamu mkubwa alizisoma moja moja, kimya, akasema, "Kumbe bibi." Mdogo wake alitoka nje na mpaka leo hapokei simu yangu.

Tulichokubaliana ni hiki. Sehemu yenye makaburi, msingi na mwembe haiuzwi. Tumeomba kijijini hati ya hakimiliki ya kimila, yenye jina la mama, mama mdogo na warithi wa mjomba. Sehemu iliyobaki bado inabishaniwa, na mteja amechoka kusubiri. Mama ameomba apelekwe akaione kabla ya masika.

Dada yangu, kaka yangu, na kwenu bila shaka ipo nyumba ya namna hii. Usingoje dalali aje ndipo uanze kuuliza. Nenda kwa mkubwa wenu aliye hai, na kalamu. Uliza nani alipanda mti upi, nani amelala kaburi lipi, na fedha ya bati ilitoka wapi. Omba kuonyeshwa sanduku. Andika majina ya wanawake, maana ndiyo yanayosahaulika kwanza. Na ukigundua haki iko upande wako, wafungulie mlango na wale waliotaka kukufungia. Utawahitaji siku ya msiba.