Mlimcheka kwa "mkonge" wa getini, sasa ngoja niwaambie

Haya wadau, leo sina habari ya nani kaachana na nani. Nina habari ya majani, na nina hasira nayo kidogo.

Wiki mbili zilizopita staa mmoja, jina kapuni (wenye macho mnamjua), aliposti geti la nyumba yake mpya huku Kisasa. Hakuna ukoka, hakuna mawaridi. Ni mstari mrefu wa yale majani yaliyosimama kama mapanga, ya kijani yenye mabaka ya kijivu na ukingo wa njano, wengi mnaita sneki planti. Chini kamwaga kokoto nyeupe. Mimi nikaona pamependeza. Komenti sasa! "Dada, nyumba ya mamilioni unapanda mkonge?" "Hilo ni geti au shamba la Tanga?" Kufika jioni posti haipo. Kafuta.

Na siku hiyohiyo nyie nyie mlikuwa mnamwagia makopakopa mwingine, mke wa mheshimiwa fulani, kwa sababu ukoka wake unang'aa. Oktoba. Dodoma! Anayeishi hapa anajua mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na za mwaka mzima ukizijumlisha ni karibu milimita 600. Huo ukoka unakunywa nini miezi mingine yote? Mtaani kwetu maji yanatoka kwa mgao, siku yasipotoka tunanunua kwa dumu. Sijasema kitu.

Sasa kilichoniuma ni hiki. Mama yangu anauza hiyo "mikonge". Alianza na kopo moja alilopewa na mama mmoja aliyekuwa anamfulia, akihamia Dar. Leo ameizungusha ukuta mzima wa nyumba tuliyopanga, na kodi ya miezi mitatu iliyopita imetoka humo. Baada ya zile komenti zenu, wateja wawili walioagiza miche ya getini walipiga simu: mama, tumeahirisha kwanza, watu wanasema ni mkonge. Mnaona umbea unavyosafiri?

Halafu kwa taarifa yenu, mkonge siyo tusi. Ndiyo jina la ukoo wake la zamani. Huu mkonge wa katani wa Tanga ni mgeni, asili yake Mexico, uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 akitoa miche Florida. Kabla ya hapo Waswahili walikuwa na mkonge wao wa porini, hii mimea ya jamii ya sansevieria, na nyuzi zake walisokota kamba. Mgeni kaja, kapewa jina, mwenyeji kabaki anaitwa "mkonge pori" kwao mwenyewe. Jamani!

Na lile bonde la Olduvai tulilokariri shuleni, fuvu la Zinjanthropus, mama Leakey, 1959? Jina sahihi ni Oldupai, na oldupai ndivyo Wamasai wanavyouita mkonge pori. Yaani sehemu maarufu kuliko zote kwa historia ya binadamu hapa nchini ina jina la mmea mnaoucheka.

Ukweli usemwe, huu wa ukingo wa njano asili yake ni Afrika Magharibi mpaka Kongo. Ila ndugu zake wamejaa kwenye mapori makavu ya huku kati. Tena mwaka 2017 wataalamu waliuhamishia rasmi kwenye jenasi ya Dracaena, ambako ndiko yaliko masale ya Wachaga, lile jani la kuombea msamaha. Nyie mliokomenti mnajua pa kulipata.

Kwa nini unaweza Dodoma? Mimea mingi inafungua vitundu vya majani mchana, jua linanyonya maji yote. Huu unafunga mchana, unafungua usiku kukiwa na baridi. Mama anamwagilia maji aliyosuuzia mboga, tena udongo ukishakauka kabisa. Juni na Julai, usiku ukiwa wa baridi, anaweza kupitisha wiki tatu bila tone. Kinachoua mmea huu ni maji mengi, mizizi inaoza na majani yanalegea kuanzia chini. Changanya udongo na mchanga wa mtoni mwingi, samadi kidogo, na uweke unapopigwa na jua la asubuhi. Jua la saa nane linaubabua. Na kama una paka au mbwa, weka mbali, akiutafuna anatapika.

Ile ya kwamba unasafisha hewa ya chumba, punguzeni. Ilianzia kwenye jaribio la NASA la 1989, mimea ikiwa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Mwaka 2019 watafiti wakapiga hesabu, ikaonekana ungehitaji kuanzia mimea 10 mpaka 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Utalala wapi? Fungua dirisha tu.

La kuangalia ukinunua: usikubali kuuziwa kipande cha jani eti kitaota hivyohivyo. Kitaota kweli, ila ukingo wa njano unapotea, unapata kijani kitupu. Ukitaka njano ibaki, chukua kitoto kilichotoka chini na kipande chake cha shina la ardhini. Mama hutenga vitoto mvua za kwanza zikishaingia, anaviacha siku mbili kivulini kidonda kikauke, ndipo anapanda.

Mmoja wa wale wateja kapiga tena juzi. Anauliza kama bei imeshuka. Mama kamjibu imepanda.