Neno la Siri Ndani ya Ndoa

Mwenzangu, kama na nyie nyumbani mna kompyuta moja ya kila mtu, hebu kaa nikusimulie.

Yetu tuliinunua Kariakoo miaka sita iliyopita, tukaja nayo Kilwa Masoko. Mimi nahariri makala, mume wangu anatunza hesabu za kikundi cha wavuvi, mwanetu wa darasa la nne anacheza gemu. Wote tulikuwa tunaingilia akaunti moja, bila neno la siri. Ndoa yetu haina siri, tulikuwa tunajisifu.

Sasa, Oktoba 14, 2025 Microsoft ilihitimisha huduma zake kwa Windows 10. Kompyuta inaendelea kuwaka kama kawaida, ila matundu mapya ya usalama hayazibwi tena, labda ujiandikishe kwenye mpango wao wa nyongeza. Bahati nzuri yetu ina chipu ya TPM 2.0 ambayo Windows 11 inaidai. Wenye mashine za zamani wengi wamekwamia hapo.

Nikanunua bando, nikahamishia mafaili kwenye flashi (hili usiliruke, tafadhali), nikaanza kupakua jioni. Tukiwa tunakula nikamwambia mwenzangu, "Ikimaliza, kila mtu awe na akaunti yake."

Akaacha kula. "Unanificha nini, mama watoto?"

Nikacheka. Nikamkumbusha mtoto alivyowahi kufuta hesabu za wavuvi. Nikamweleza kuwa akaunti ya kawaida haiwezi kubadili mambo makubwa ya kompyuta bila idhini ya msimamizi. Nilijieleza kama fundi! Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema taratibu, "Nimeona unatafuta kazi Dar."

Moyo ukanilipuka paa.

Wiki tatu nilikuwa naperuzi matangazo ya kazi yeye akiwa bandarini, wala sikukumbuka kwamba kurasa zote zinabaki kwenye kumbukumbu. Sina mchepuko, jamani, lakini kiukweli siri nilikuwa nayo.

Muda huo skrini nzima imeandika asilimia 47, usizime kompyuta. Hakuna wa kusingizia kazi. Tukaongea. Kumbe kilichomuuma si Dar, ni kuambiwa na mashine. Mimi nikakiri niliogopa atakataa kabla sijajua mwenyewe kama naitaka hiyo kazi. Kutoka hapa Masoko ni kama kilometa 300, si safari ya kurudi jioni. Umeme ukakatika katikati ya maongezi, sisi ambao gesi ya Songo Songo inatoka wilayani kwetu kwenda Dar tangu 2004! Betri ikatubeba.

Saa sita usiku ikakubali. Nikaanza kufungua akaunti, naye akainamia skrini. "Kwa nini wewe msimamizi, mimi wa kawaida? Nyumbani kwangu?"

Swali la maana, kwa sababu msimamizi anaweza kufungua mafolda ya wengine hata kama wana maneno yao ya siri. Basi tukaitenga akaunti ya msimamizi, neno lake la siri tukaliandika kwenye karatasi na kulitia bahasha moja na cheti chetu cha ndoa. Mimi na yeye wote wa kawaida. Mtoto naye ana yake, na gemu zake.

Barua ya kuomba kazi tuliiandika pamoja Jumapili. Tulitumia akaunti yake, maana mimi nilikuwa nimeshasahau neno langu la siri.